Mgongo wa Shakwe wa Mzee Karim

Kilichonitoa Morogoro ni picha moja. Mzee Karim, muuza vitambaa wa Mwanza ambaye jioni hashikiki dukani kwa kwenda kutazama ndege ziwani, alinitumia picha ya shakwe mwenye mgongo wa kijivu kilichokolea. Shakwe wageni tuliowazoea, wanaotoka kaskazini mwa Ulaya, wana mgongo mweusi tii. Wa kijivu ni ndugu zao wa Siberia, nadra kuonekana kwetu. Mzee alitaka jina lake litoke kwenye jarida letu la ndege kwa kumgundua huyo, na mhariri wa jarida ni mimi.

Kuanzia Shinyanga mvua ilituandama hadi stendi ya Nyegezi. Niliitazama picha njia nzima, nikitamani awe kweli wa Siberia.

Asubuhi nilimkuta dukani kwake, Nyamagana. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanieleza kwamba ameilinganisha picha na vitambaa vyake vyote. Kwenye rangi yeye hadanganywi. Chai haijaisha, akaingia mama mmoja na joho la kwaya, anatafuta kitambaa cha kufanana nalo. Mzee alifumua pindo kidogo.

“Rangi tunaisoma humu ndani, mama. Huku nje jua limeshakula.”

Alasiri tukashuka mwaloni, wanakopokea samaki. Shakwe wake alikuwa juu ya jiwe, katikati ya kubadili manyoya. Bawani palikuwa na mapengo. Mgongoni, katikati ya manyoya makuukuu yaliyopauka, yalichomoza mapya, meusi tii. Nilielewa papo hapo. Nilimpa mzee darubini.

Alitazama muda mrefu.

“Mapya ni meusi,” akasema.

“Ni meusi, mzee.”

“Basi hilo ndilo pindo. Nami nilisoma nje.”



Kesho yake alinisindikiza Nyegezi. Nimerudi na funzo moja: mgongo wa shakwe usiuamini mpaka uone manyoya mapya. Nilimwambia hilo nitaliandika, ila yeye sitamtaja. Akashika mlango wa basi.

“Nitaje,” akasema. “Andika kwamba Karim, muuza vitambaa, alikosea rangi. Jina nililitaka litoke, litoke.”