Sala Iliyopoza Ugali

Mume wangu alikuwa na sala ndefu kuliko foleni ya hospitali. Mezani kwetu, hapa Kisumu, samaki alitoka jikoni akiunguza vidole, lakini tukifika kwenye "Amina" alikuwa amepoa hadi mchuzi umeganda pembeni mwa sahani. Ugali nao ulikuwa umeota ngozi. Watoto wetu walijifunza mapema kuchungulia kwa jicho moja, na wageni waliotufahamu walikula kitu kidogo kwao kabla ya kuja.

Mimi nilizaliwa upande wa Nyeri, kwenye baridi. Kule chai ikishamiminwa huna muda wa kupoteza, kwa hivyo marehemu mama yangu aliomba kama mtu anayekimbilia basi: Baba asante kwa chakula, tuletee mvua, Amina. Nilikuja Kisumu kuuza nguo za mitumba katika soko la Kibuye, nikakutana na fundi wa friji mwenye sauti nzito na kicheko kikubwa, tukafunga ndoa kanisani. Siku ya kwanza kula mezani kwake nilidhani amepitiwa na usingizi katikati ya sala. Hakuwa amelala. Alikuwa ndio kwanza amefika kwa majirani.

Sala yake ilikuwa na njia yake. Ilianza na shukrani kwa pumzi, ikapita kwa wagonjwa, kwa walio safarini, kwa walimu, kwa viongozi ili wapewe akili, kwa ng'ombe wa mama yake kule Asembo Bay, halafu kwa yeyote aliyekuwa na shida mtaani wiki hiyo. Mwisho kabisa, siku zote, alisema, "Na walio majini." Baba yake alikuwa mvuvi, na ndugu yake ni mvuvi hadi leo. Katika nyumba aliyokulia, hakuna aliyegusa chakula kabla ya watu walio ziwani kutajwa. Mimi, Mungu anisamehe, nilipenda maneno hayo kwa sababu nyingine: yakitajwa, chakula kiko karibu. Nikisikia "walio majini" mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mwiko. Akichelewa sana kuyafikia, niligonga sufuria kidogo, ko-ko-ko, naye alijua.

Jambo moja nililipenda na sikumwambia mapema. Aliomba kwa Kiswahili kwa ajili yangu. Mama yake alipokuja kututembelea alimtania, "Kwani Mungu, huyo Nyasaye wa Kisumu, amesahau Dholuo?" Akamjibu, "Nyasaye anasikia yote, Mama. Ni huyu wa Nyeri ndiye anahitaji kusikia."

Lakini katika sala hizo ndefu, mimi sikuwemo. Mbwa wa jirani aliyegongwa na bodaboda alitajwa kwa wiki nzima. Nilimuuliza siku moja, "Baba, na mimi je? Au mpaka nigongwe?"

"Wewe na mimi ni mwili mmoja," akasema. "Nikijiombea, nimekuombea."

"Na ni lini umejiombea?"

Akacheka mpaka akashika meza. Siku iliyofuata akaomba vile vile, mbwa akiwemo.

Halafu kiharusi kikampata. Alikuwa kwa mteja asubuhi, ameinama nyuma ya friji na bisibisi mkononi, akaanguka. Mguu ulirudi baada ya muda, mkono nao ukafuata taratibu, lakini maneno hayakurudi. Alielewa kila kitu. Ukimwambia kichekesho alicheka mahali panapostahili. Ila akifungua mdomo kusema, ilitoka "eeh" tu, na macho yake yakajaa aibu. Daktari alituambia kwamba huenda angesema tena na huenda asiseme. Mimi nilisikia hilo la pili peke yake. Niliogopa. Niliogopa kwamba nitazeeka katika nyumba isiyo na sauti ile niliyokuwa naigongea sufuria.

Hospitali ilitupa binti mmoja mpole, kazi yake kufundisha watu kusema upya. Alimwonyesha mume wangu picha za kikombe, kuku, jembe. Mume wangu alizitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichotaka kununua. Binti akaniita kando. "Mama, msimsemee kila kitu. Mwachieni nafasi. Wengine maneno yanayorudi kwanza ni yale mdomo ulizoea kusema kila siku. Sala, nyimbo, hata matusi."

"Matusi hana," nikasema. "Sala anazo za kutosha mtaa mzima."

Kwa hivyo kazi ya kuombea chakula ikawa yangu. Niliomba kama mama yangu, haraka, halafu nikaacha nafasi alivyosema binti. Siku ya kwanza nilipomaliza na kufumbua macho nikamkuta bado ameinamisha kichwa. Tukangoja. Tukaendelea kungoja. Mwanangu wa mwisho akaninong'oneza, "Amefika kwa ng'ombe?" Mtu alikuwa hana hata neno moja kinywani, na bado sala yake ilipoza ugali! Nilicheka, halafu nikaenda jikoni kulia, halafu nikarudi na mchuzi.

Akina mama wa kanisani kwetu walikuja kila Jumatano. Wanaomba wote kwa pamoja, kila mmoja kwa sauti yake, hata unashangaa Mungu anawatofautisha vipi. Lakini wakishasema Amina wanakunja mikono ya nguo. Mmoja alifua, mwingine aliparua samaki, wa tatu alikaa na mume wangu wakicheza drafti ili mimi niende Kibuye kufungua kibanda. Kama kuna mtu ananiuliza sala ilinisaidia nini miezi ile, huwa naanza hapo. Nililala usingizi kwa sababu kuna watu walionitaja.

Kulikuwa pia na mhubiri mgeni. Alipita nyumbani, akaweka mikono kichwani mwa mume wangu, akatangaza kwamba Jumapili mgonjwa huyu atasimama mwenyewe kanisani atoe ushuhuda. Mtaa mzima ukajua. Jumapili tulivaa vizuri, tukakaa mbele. Mume wangu akasimama. Akafungua mdomo. "Eeh," akasema, akaketi. Nikasikia mtu nyuma akivuta pumzi ya huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko dhihaka.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimefura. Nilichukua samaki na kisu, nikaanza kumparua na kumfokea Mungu kwa wakati mmoja, magamba yakiruka mpaka dirishani. Nilimwambia ametuaibisha. Nilimwambia mtu huyu ametumia mdomo wake wote kuwaombea watu wako, hata mbwa, na huo mdomo ndio ukauchukua? Sikutaja asante hata moja. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Akaja, akanitoa gamba kwenye nyusi, akaanza kucheka, kile kicheko chake kikubwa ambacho kiharusi hakikukigusa. Nami nikacheka. Sijui kama hiyo nayo ni sala, ila nilitoka jikoni nikiwa mwepesi.

Baada ya hapo nikaacha kumpangia Mungu Jumapili. Niliomba tu tupite siku hii, na kesho yake nikaomba tena hivyo hivyo.

Jumamosi moja tukaenda Asembo Bay kumwona mama mkwe. Tulikuta analalamika tangu getini. Mvua ilikuwa imegoma, mahindi yake yamejikunja majani, na alinizungusha shamba zima ili niyaone moja moja. Shemeji yangu, yule mvuvi, hakuwepo. Alikuwa ameingia ziwani asubuhi kuangalia nyavu zake. Chakula kikaandaliwa barazani, samaki aina ya ngege wa mchuzi na ugali wa mtama, majirani wawili watatu wakaketi nasi. Kutoka pale ziwa linaonekana lote, na juu yake mawingu meusi yalikuwa yameanza kukusanyika.

Mama mkwe akanitazama. "Chi wuoda," akaniita, ndivyo anavyomwita mke wa mwanawe, "leo wewe utaomba. Omba na hiyo Kiswahili yako. Nyasaye atasikia tu."

Kuombea chakula mbele ya mama mkwe na majirani zake si mchezo. Nilifumba macho, na sala zote nilizowahi kusikia zikanitoroka isipokuwa ile ya mama yangu. Nikaishika hiyo. Na kwa kuwa nilitaka kumpendeza mwenye shamba, nikaipamba.

"Baba, asante kwa chakula," nikaanza. "Asante kwa haya mawingu uliyotukusanyia. Umeona mahindi ya mama. Fungua mbingu, Bwana! Lete mvua, usilete manyunyu. Lete mvua kubwa, na upepo wa nguvu wa kuisukuma ifike hapa—"

"Majini!"

Nikadhani ni jirani. Nikafumbua macho. Mume wangu alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka, amekasirika kabisa, kidole kimenyooka kuelekea ziwani.

"Wa... walio majini!" akasema. "Walio majini!"

Mama mkwe aliweka mikono yote miwili kichwani. "Nyasacha, Mungu wangu!" akasema. "Nyasacha, mtoto wangu!" Halafu akaanza kupiga vigelegele, majirani wakaitikia, na mtu akapiga teke bakuli la mchuzi. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimeomba. Nilikuwa nimeolewa ufuoni miaka yote hiyo, na bado nilikuwa nimemwombea shemeji yangu dhoruba mbele ya mama yake mzazi. Kwetu mlimani wingu jeusi ni habari njema kwa kila mtu. Huku lazima kwanza uulize nani yuko majini.

Mume wangu hakuwa na habari na vigelegele. Alikuwa bado amenikazia macho, akingoja nirekebishe. Nikafumba macho tena. "Na walio majini, Bwana," nikasema, "warudishe kwanza. Mvua baadaye. Amina." Hapo ndipo akaketi.

Shemeji alirudi mvua ikianza, nguo zimelowa, ana samaki wachache na njaa nyingi. Alitukuta wote tunalia na hakuna aliyegusa chakula, akafikiri kuna msiba. Mama yake akamweleza kwa Dholuo, harakaharaka, akininyooshea kidole. Shemeji akanigeukia. "Shemeji," akasema, "yaani nimekaa huko napigana na mawimbi, kumbe ni wewe umeyaagiza?" Alinisumbua na hilo mwaka mzima. Mpaka sasa akitoka kwenda ziwani hunipigia simu kuniuliza kama nimeshaomba au nimpe muda avuke.

Binti wa hospitali alifurahi sana, akatueleza jinsi maneno ya mazoea yanavyokaa mahali pake ndani ya kichwa. Maelezo yake ni mazuri na ninayaamini. Ila na mimi nina swali langu: ni nani aliyeyaweka pale, miaka yote hiyo, sahani kwa sahani, nami nikigonga sufuria?

Maneno hayajarudi yote. Yanakuja moja moja, na kila moja analivuta kama ndoo kutoka kisima kirefu. Mengine ameyaacha: viongozi, kwa mfano, hawataji tena, wajiombee wenyewe. Lakini mezani amerudi kwenye nafasi yake, na sala bado ni ndefu, kwa sababu kati ya neno na neno unaweza kwenda kuzima jiko na kurudi.

Jumapili iliyopita watoto wote walikuwa nyumbani, hata yule anayesoma Maseno. Samaki alikuwa wa moto. Mume wangu akainamisha kichwa.

"Baba," akasema. Tukangoja. "Asante." Tukangoja. "Wagonjwa... Ng'ombe." Mtu akazuia kicheko. "Na... walio majini."

Mkono wangu ukaenda kwenye mwiko kama kawaida yake. Lakini Amina haikuja. Nikafungua jicho moja. Alikuwa amekunja uso, midomo ikitafuta, jasho jembamba juu ya nyusi, nikajua kuna neno analivuta kutoka chini kabisa.

"Na," akasema. "Na... mke wangu."

Bado hakusema Amina. Alikuwa anatafuta lingine la kuongeza hapo, na lilikuwa halijafika. Watoto walifumbua macho wakanitazama mimi, kwa sababu wanaijua sufuria yangu. Ugali ulikuwa umeanza kuota ngozi. Nikaweka mwiko chini polepole ili usigonge sufuria.

"Endelea, Baba," nikamwambia. "Hatuna haraka."