Maziwa Niliyompelekea Nyanya

Mkwe wangu anafukiza kibuyu cha maziwa hapo nje, na ile harufu ya moshi imenirudisha kwenye kiangazi kile cha njaa, nikiwa mtoto mdogo. Nyanya hakuwa anahesabu mbuzi. Jioni aliwaita mmoja mmoja kwa jina, na asiyekuja, nyanya alijua amepotea. Majina yao ninayo yote mpaka leo. Basi jioni moja nyanya alisimama mlangoni mwa boma, mdomo wazi, na hakuna jina lililotoka.

“Ni njaa,” mama akasema. “Kichwa gani kitafanya kazi kwa chai ya rangi peke yake? Akipata maziwa atarudi.”

Lakini maziwa yalikuwa kikombe kimoja kwa siku, na kilikuwa changu. Siku tatu nikampelekea kisiri, nikalala tumbo likinguruma. Alikunywa. Siku ya nne akakiangalia kikombe, kisha akaniangalia mimi.

“Kunywa, nyanya.”

“Wewe ni mtoto mzuri. Wa nyumba gani?” Akanirudishia kikombe. “Mimi niko na mjukuu hapa, mdogo kama wewe, hajashiba tangu juzi. Mpelekee yeye.”

Nikatoka, nikachuchumaa nyuma ya nyumba, nikayanywa yote.