Mama yangu na barabara ya Kate: nani alipaswa kuilipia?

Wakuu, salaam kwenu.

"Lori ndilo linalochimba barabara. Kwa nini mimi ndiye nifukie?"

Mama aliniuliza hivyo miaka ya vijiji vya ujamaa, nikiwa nyumbani likizo ya chuo kikuu. Nilikuwa mbishi, nikihoji kila kitu hadi walimu wangu. Swali lile nimelibeba hadi leo. Ninayosimulia niliyaona mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Kijiji chetu kiko Ufipa, upande wa Kate. Kodi ya kichwa ilikuwa imefutwa, basi mwenyekiti wa kijiji akatangaza: "Hamlipi kodi tena. Barabara mtailipa kwa jembe."

Kila kaya kipande sawa. Kaya yenye vijana watano wa kiume, kipande kimoja. Mama, mjane, kipande kimoja. Mfanyabiashara wa Sumbawanga mjini, ambaye lori lake ndilo lililoibomoa, hakupewa kitu. Si mwanakijiji.

Ubaya ni kwamba kazi iliangukia wakati wa ntumba. Kwa msioijua Ufipa: mvua zikikaribia kwisha tunageuza majani na udongo kuwa matuta ya mviringo, majani yaozee ndani, msimu unaofuata tupande. Udongo ukikauka kabla hujamaliza, mwakani huna chakula.

Nikamwendea mwenyekiti.

"Shikamoo mzee. Nichimbe mimi barabarani, mama aende shambani."

"Marahaba. Wewe ni wa chuo, hapa huhesabiki."

Nikaenda shambani peke yangu, na mikono yangu ya kalamu. Hata robo sikufika.

Huko barabarani nako watu walifukia makorongo kwa mazoea ya mikono yao: majani chini, udongo juu. Ntumba kabisa, katikati ya njia. Yakaoza. Lori lilipokuja likazama hadi kwenye ekseli.

Mwenye lori akashuka, akatazama magurudumu. "Akina mama, mmenilimia shamba hapa?"

"Panda ulezi, baba," mama akamjibu. "Ukivuna utugawie, maana wetu mwakani haupo."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akaamuru kazi irudiwe, safari hii kwa mawe ya kubeba kichwani. Walipomaliza, udongo wa shambani ulikuwa mgumu kama sakafu.

Mwaka uliofuata mama alizunguka kwa shemeji zake na kikapu kitupu, akiomba unga.

Msimamo wangu leo: anayeiharibu barabara zaidi alipe zaidi, iwe kupitia mafuta au uzito wa gari. Na anayelipa aambiwe kwamba analipa. Kama naona vibaya, nikosoeni hapa chini, nitasoma kila hoja.

Mama alikufa akiamini hajawahi kulipa kodi ya barabara, ndiyo maana alichimba.

Miaka mingi baadaye, mtu aliyekuwa karani wa ununuzi wa mazao aliniambia kwamba katika kila gunia la mahindi alilouza mama, ushuru wa barabara ulikuwa umeshakatwa kabla bei haijatangazwa.