Mama Yangu Waliyemwita Yahe

Admin, nifichie jina langu tafadhali, maana ndugu zangu wa Rombo wamo humu na wanasoma kila kitu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na nane, naishi Moshi mjini, ni fundi cherehani.

Baba yangu ni wa ukoo wa kimangi, yaani wa machifu wa Kichagga. Umangi wenyewe ulikwisha kabla sijazaliwa, lakini kwetu haujaisha. Mama alitokea upande wa Kwa Sadala, binti wa kibarua wa mashamba ya kahawa. Kichagga chake hakikuwa cha Rombo, hivyo mashangazi walimsemesha Kiswahili, na hawakumwita kwa jina. "Yahe, leta maji." "Yahe, ndizi zinaungua."

Mimi nilidhani ndilo jina lake. Siku ya komunio yangu ya kwanza padre akaniuliza mama yangu anaitwa nani, nikajibu kwa sauti, "Anaitwa Yahe!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama naye akacheka. Jioni, tukimenya ndizi, nikamuuliza maana yake. Akasema, "Yahe ni mtu wa hivi hivi tu, mwanangu. Asiye na ukoo wa kutajwa." Akaendelea kumenya.

Alifariki mwaka juzi. Nilijua atalala ndani ya kihamba, kiwanja cha ukoo chenye nyumba na migomba, alichokipalilia na kukitia mbolea maisha yake yote. Baba mkubwa, ambaye ndiye mkuu wa ukoo, akakataa mbele ya waombolezaji. "Ndani ya ua wa masale wanalala wamangi. Yahe atalala nje." Nikamtazama baba. Baba akainamisha kichwa. Wakamzika nje ya ua, pale wanapopitishia ng'ombe. Kila nikienda kumwombea nakuta alama za kwato juu ya kaburi, nafukia kwa mikono.

Sasa baba amepata kiharusi. Juzi nilikuwa namlisha mtori, akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima. "Nilinyamaza," akasema, maneno yakitoka kwa shida. "Nikifa mnilaze na mama yako." Nikamwahidi, huku nalia.

Baba mkubwa akasikia, akaniita. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. "Damu ya mangi haizikwi njia ya ng'ombe," akasema. "Mkimpeleka huko, hakuna wa ukoo atakayeshika jembe. Na wewe na mdogo wako msahau kihamba."

Mdogo wangu wa kiume anaishi palepale kihambani na mke na watoto, hana pengine. Alinipigia magoti jikoni, mwanaume mzima. "Dada, marehemu hajui alipolala. Hawa wanangu nitawalaza wapi?" Nikamwinua. Simlaumu.

Jana daktari ametuambia tujiandae. Baba hasemi tena, ila nikiingia ananifuata kwa macho, na mimi siwezi kumtazama muda mrefu.

Ninyi mliowahi kuzika wazazi, msinicheke wala msinitukane. Niambieni, nimlaze wapi baba yangu?