Treni Haina Bodi

Pale Karatu, dereva akilalamika kwamba taa za gari lake zina mashetani, huambiwa ampelekee Antonia. Gereji yake haikosi magari ya watalii yaliyorudi kutoka mbugani Kreta yakiwa yametikiswa hadi nati za mwisho, na yeye yumo katikati, mikono ya ovaroli ameifunga kiunoni, anayagombeza kama watoto watundu. Msimamo wake ni mmoja: umeme ni umeme. Ameufanyia kazi kwenye friji ya jirani na kwenye spika za kwaya, na zote zikapona. Kisha akaupeleka kwenye treni.

Treni yenyewe ni ya kuchezea, injini yake inalala kiganjani. Mzungu mmoja, mteja wake wa zamani, alipohama alimwachia boksi zima: mabehewa, reli, na pointi mbili, yaani zile sehemu ambapo reli hugawanyika na treni ikaelekezwa huku au kule. Boksi lilikaa stoo hadi baba yake alipotangaza kwamba Jumamosi anarudi Rombo.

Mzee Thadei ni mtu wa reli. Ujana wake wote aliumalizia stesheni akibadilisha njia za treni. Mkewe alipofariki, Antonia alimleta Karatu, na Karatu haikumpa hata kazi ya kufungua geti.

"Nakula, nalala, natazama Wazungu wakipita," alisema mzee. "Mama, hata mbuzi wa ndafu, anayechomwa mzima siku ya harusi, hanenepeshwi bure hivi."

Antonia alicheka, halafu akaenda stoo kulia kidogo. Kule Rombo mzee angeishi peke yake. Kisukari kilishamwangusha jikoni kwake mara moja, na kama jirani asingepita kuomba kibiriti, wangemzika. Hapo stoo ndipo macho ya Antonia yalipoliangukia lile boksi.

Aliipanga reli juu ya meza ya kulia chakula. Kila pointi ilikuwa na mota ndogo yenye nyaya tatu: mmoja wa kuivuta kushoto, mmoja kulia, na mmoja wa kurudisha umeme. Huo wa kurudisha aliuona wa anasa. Kwenye gari nani anahangaika nao? Unaufunga kwenye bodi, yaani bati la gari lenyewe, chuma kinamaliza kazi. Na reli si chuma? Akaulehemu kwenye reli palepale, akajipongeza kwa soda.

Mzee alikuja amevaa shati la kanisani. Treni iliondoka vizuri. Ilipofika kwenye pointi, pointi ikanguruma, ikahama yenyewe, injini ikashika njia ya kushoto na mabehewa ya kulia, vyote vikaangukia chupa ya chai. Antonia alicheka hadi akashika meza.

Mzee hakucheka. Aliinua mabehewa moja moja, taratibu, kama anatoa watu ndani.

"Pointi ikihama chini ya treni, watu wanakufa," alisema, akaenda chumbani kupanga nguo.

Antonia hakukata tamaa. Alipuliza vumbi jekundu, akasugua reli, akabadilisha vitufe, akapima kwa mita: umeme upo. Lakini treni ikikimbia tu, pointi inanguruma.

Ijumaa asubuhi aliingia gereji Tajewo, dereva kutoka Arash.

"Fundi, hii gari nakanyaga breki inawaka indiketa. Imelogwa."

"Haijalogwa, waya wa bodi umeachia," alijibu Antonia bila hata kutazama. "Umeme ukikosa njia yake ya kurudi unapita kwa jirani, unamwashia taa asiyehusika..." Bisibisi ikabaki hewani. "Yesu wangu! Treni haina bodi!"

"Treni gani, fundi? Mimi nimekuja na Landkruza."

Fundi alishatoka mbio kwenda nyumbani. Reli zote mbili zilikuwa na umeme wa injini, na yeye ndiye aliyeupitisha umeme wa pointi humohumo. Alifumua lehemu, akazipa pointi waya wake wa kurudi, moja kwa moja hadi kwenye transfoma. Tajewo, aliyemfuata kudai gari lake, alijikuta ameshikishwa tochi.

Mzee alipoitwa mezani, alikataa kugusa kitu hadi pointi zijaribiwe bila treni. Kisha akainama, akahakikisha reli imebana, akainua mkono juu.

"Pointi imefungwa! Njia ipo!"

Sauti hiyo Antonia hakuwahi kuisikia tangu msiba. Treni ikapita salama. Ikapita tena, upande wa pili. Tajewo akapiga makofi, gari amelisahau, na makande yakapoa jikoni bila mtu kuuliza.

Hatimaye mzee aliketi, akajifuta jasho.

"Kesho naondoka na basi la asubuhi."

Antonia alishindwa kuficha machozi. "Baba, hata baada ya hii?"

"Hata baada ya hii. Jumapili nitarudi. Hilo godoro lenu linaniua mgongo, mama. Nakwenda kuchukua la kwangu."