Asubuhi Nilizokopa kwa Wazazi

Walimu wenzangu walisema sitamaliza mwaka. Walisema mtu aliyezoea mji hawezi kurudi Ngara akakaa, na kwamba nikiona matope ya mwezi wa nne nitaandika barua ya kuomba uhamisho kama waliotangulia. Hayo hayakuniuma. Lililoniuma lilitoka kwa mwalimu mkuu, mama wa makamo aliyekuwa amefundisha pale tangu shule ikiwa na madarasa mawili. Wiki yangu ya kwanza nilimweleza mpango wangu: kila mzazi wa darasa langu, darasa la nne, atajua mtoto wake anaelewa nini na nini kinamshinda. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga daftari lake.

"Mwalimu, wazazi wa hapa utawaona siku mbili," alisema. "Siku ya kuandikisha mtoto na siku ya kuja kugombana. Katikati usiwasubiri. Hilo hutaliweza."

Nilimjibu kwamba nimeyaweza makubwa zaidi, na sikuwa natania. Niliondoka Bugarama, kwetu hapohapo Ngara, nikiwa nimemaliza darasa la saba, sina wa kunisomesha. Nilifyatua matofali Nyamahanga, kule Biharamulo, miaka minne. Mchana nilikanyaga udongo, jioni nilisoma vitabu vya kuazima. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea nikafaulu, nikaingia chuo cha ualimu, nikatoka na diploma. Hakuna mjomba aliyenitafutia nafasi. Nilipopangiwa kufundisha wilaya niliyozaliwa, niliingia pale nikijua hakuna mwalimu katika shule ile aliyetoka mbali kama mimi. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu aibu ninayotaka kuisimulia haieleweki bila kujua nilivyojiona.

Mpango wangu ulikuwa barua. Si tangazo moja la wote, bali barua ya kila mtoto, kwa mkono wangu, kwa Kiswahili safi. Kila Ijumaa nilitoa barua tisa au kumi, hivi kwamba ndani ya mwezi kila nyumba ilipata yake. Chini niliacha kipande cha kukata ambacho mzazi angetia sahihi au dole gumba, kisha mtoto akirudishe Jumatatu. Na vilirudi. Mwezi wa kwanza vyote, mwezi wa pili vyote. Nilivifunga kwa uzi na kuviweka mezani kwa mwalimu mkuu.

"Umewaona wapi wazazi wasiofuatilia?" nilimuuliza.

Aliviangalia, akavirudisha. "Hongera," alisema. Alikuwa na namna yake ya kusema hongera.

Katika darasa hilo alikuwamo msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha. Hesabu za kichwa alizifanya kabla sijamaliza kuuliza. Nyimbo alizijua zote. Lakini kusoma hakujua. Darasa la kwanza hadi la tatu alikuwa amepita kwa kukariri kurasa, akisikia wenzake wakisoma na yeye akirudia kwa sauti nzuri kuliko yao. Nilimgundua mwezi wa nne, nilipompa ukurasa ambao hakuna aliyekuwa ameusoma kabla yake. Alisimama nao kimya mpaka nikamwambia akae.

Nililijua pia lililomngoja. Baba yake alikuwa amefariki, na sare na madaftari yalinunuliwa na baba yake mdogo, ndugu wa marehemu. Huyu bwana alikuwa amesema waziwazi, mpaka sisi walimu tulisikia, kwamba mtoto akirudishwa darasa yeye anaacha. Alikwisha kuongea na familia moja ya wafanyabiashara mjini Biharamulo iliyohitaji msichana wa kulea mtoto. Na mwaka ule upimaji wa darasa la nne ulikuwa ndio mlango: asiyejua kusoma hawezi kuufanya, na asiyeufaulu anarudia.

Kwa hiyo nilimwandikia mama yake. Nakumbuka barua ya kwanza ya jambo hilo neno kwa neno: "Ndugu mzazi, mtoto wako hajui kusoma. Asipojua kabla ya upimaji, atarudia darasa. Naomba uje tuonane." Kipande kilirudi na dole gumba, wino umekolea vizuri. Yeye hakuja. Nikaandika ya pili, kali zaidi. Dole gumba likarudi. Nikaandika ya tatu, na zilizofuata. Nilianza kumchukia mwanamke ambaye sikuwahi kuonana naye. Nilikuwa nikimwona kwa mbali tu, mmoja katika kundi la wanawake waliopita nje ya uzio kila asubuhi na majembe begani, na sikujua ni yupi.

Alikuja mwanzoni mwa mwezi wa tisa, bila kuitwa, saa ya mapumziko. Alikuwa amebeba mkungu wa ndizi kichwani na maharage kwenye kikapu. Mwanawe alikuwa nyuma yake. Alivitua upenuni mwa ofisi, akapiga goti kidogo, nami kijana wa umri wa mdogo wake nikaona vibaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwarimu." Alizungumza Kiswahili cha sokoni, kwa uangalifu, kwa heshima ya mahali alipo. "Nimekuja kushukuru. Barua zako zinanipa nguvu. Shemeji yangu anasema mtoto atashindwa, mimi namwambia subiri, mwarimu ameandika."

Nilimuuliza barua zipi. Alitoa mfuko wa nailoni kifuani, uliokunjwa mara nyingi, na ndani yake zilikuwamo barua zangu zote, safi kama nilivyozitoa. Akamkabidhi binti yake moja. "Msomee mwarimu."

Mtoto alishika karatasi kwa mikono miwili, akaisoma kwa sauti ileile nzuri. "Mama, mwanao anajitahidi. Anasoma kuliko wenzake. Usiache kumpa uji asubuhi. Mungu akubariki."

Macho yake hayakusogea. Yalikuwa yametulia katikati ya karatasi kama mtu anayeangalia kilima. Nilielewa pale upenuni kilichotokea tangu mwezi wa nne. Mimi, mwenye diploma, niliandika kwamba mtoto hajui kusoma, nikampa mtoto huyohuyo akamsomee mama yake asiyejua kusoma. Na mama alisikiliza, akafurahi, akakandamiza dole gumba kwa nguvu zote ili mwalimu aone kwamba ameshukuru.

"Kwa nini ulisoma hivyo?" nilimuuliza mtoto.

"Sikujua zimeandikwa nini, mwalimu," alisema.

Nilimwambia mama ukweli, kwa Kihangaza, lugha aliyonifundisha bibi yangu na ambayo nilikuwa sijaitamka mbele ya mzazi hata mmoja tangu nirudi. Niliona Kiswahili ndicho cheo changu. Maneno yalinitoka kwa shida, lakini alielewa. Aliichukua barua mkononi mwa mwanawe, akairudisha kwenye mfuko pamoja na zile nyingine, akaukunja kama ulivyokuwa.

"Ulijua tangu mwezi wa nne," alisema.

"Nilijua, mama."

"Na mimi napita hapo nje kila siku na jembe."

Akaniuliza kama mtoto atafaulu. Katika maisha yangu nimeahidi mambo mengi na nikayatimiza, lakini siku ile sikuweza kuahidi. Nilimwambia zimebaki wiki saba. Aliondoka akaacha ndizi na maharage palepale, na mpaka leo sijui aliviacha kwa adabu au kwa sababu hakutaka kuvigusa tena.

Jioni ile nilianza kupita nyumba kwa nyumba. Nyumba nne za kwanza zilinitosha. Katika tatu, barua zilisomwa na mtoto mwenyewe, na kila mmoja alikuwa ameongeza au kupunguza alivyopenda. Katika ya nne baba alijua kusoma, lakini binti yake hakuwa amemfikishia barua hata moja. Dole gumba lilikuwa la binti. Nilirudi nikavitoa vipande vyangu vilivyofungwa kwa uzi nikavitia kwenye jiko la shule.

Nilitaka wazazi waje darasani, wakae kwenye dawati na watoto wao, wasikie kwa masikio yao. Mvua ilikuwa imeanza. Kila niliyemfuata aliniambia jambo moja: asubuhi ni ya shamba, na mchana mwalimu mwenyewe amechoka. Fundi baiskeli mmoja, baba wa mtoto wangu mtundu kuliko wote, aliniambia mbele ya wateja wake.

"Unataka asubuhi yangu, mwalimu. Maharage yangu yasipoingia ardhini wiki hii, utanilipa kwa nini? Kwa chaki?"

"Kwa jembe," nilisema. "Nipe asubuhi moja, nitakulimia asubuhi moja."

Walicheka. Mmoja alinishika kiganja akakigeuza kuwaonyesha wenzake. "Hiki? Hiki ni cha kalamu."

"Hicho kimefyatua matofali ya nyumba nyingi kuliko unazozijua," nilimwambia. "Muulize mtu wa Nyamahanga."

Fundi baiskeli hakucheka tena. Kule kwetu asubuhi ya shamba haichezewi. Wanawake wanalimiana kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, na aliyelimiwa asubuhi hairudishi kwa chumvi wala kwa asante, anairudisha kwa asubuhi. Mtu akifa na deni hilo, mwanawe analilima. Nilichokifanya ni kuingia katika zamu ile, mwanamume, mwalimu, mkopaji mkubwa kuliko wote. Habari zilienea kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika. Kesho yake fundi baiskeli alikuwa kwenye dawati la nyuma, magoti yamemfika kidevuni, akimsikiliza mwanawe.

Walikuja wawili watatu kwa siku. Kila mmoja alikaa na mtoto wake, nikamsomesha mtoto mbele yake, kisha nikatoka naye nje na kumwambia kwa Kihangaza hiki anakijua, hiki hakijui, na nyumbani fanya hivi. Hapakuwa na karatasi. Wengine walilia. Baba mmoja aliniambia kwamba ana umri wa miaka hamsini na hakuna mtu wa shule aliyewahi kumweleza jambo mpaka akaelewa.

Yule mama alikuja siku hiyo ya kwanza, na hakuja mara moja. Alikuja kila Jumatatu na kila Alhamisi, wakati majirani zake wakipanda. Aliniuliza atamsaidiaje mtoto kusoma wakati yeye mwenyewe haoni kitu ila madoa. Nilimwonyesha jambo ambalo hata asiyejua herufi analiweza. Weka kidole chini ya neno, nilimwambia, kisha angalia macho yake, usiangalie karatasi. Macho yakikifuata kidole, anasoma. Yakitulia, anakudanganya, naye anajidanganya. Msimamishe, arudie. Alikaa na mwanawe ukutani mwa darasa, kidole chake chenye ufa wa udongo kikisogea polepole, uso wake ukiwa umeelekea kwa mtoto tu. Mimi nilimpa mtoto saa moja kila siku baada ya masomo. Kazi iliyobaki aliifanya mama.

Wiki ya tano msichana alisoma mstari ambao hakuna aliyekuwa ameusoma kabla yake. Haukuwa mzuri wa kusikiliza. Ile sauti tamu ilikuwa imekwenda. Sasa alisoma kama anayepanda na mzigo, neno, pumzi, neno. Mama yake hakuwapo siku hiyo, naye mtoto hakufurahi. Alikaa akaniuliza kama upimaji unaweza kusogezwa mbele. Nikamwambia hapana.

Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza. Sikuyaandika popote. Nilizunguka nyumba zote kwa miguu, nikayasema kila moja mlangoni. Watatu walirudia, na kwa hao nilikaa muda mrefu. Yule msichana alifaulu kwa alama za chini kabisa zinazoruhusu mtu kupita. Nilimkuta baba yake mdogo pale uani, nikamwambia yeye mwenyewe, nikiwa nimesimama. Aliuliza kama nina hakika. Nilimwambia mimi si mtu wa kusema nisichokijua. Alivuta pumzi, akasema basi atatafuta madaftari ya darasa la tano, na kwamba kule Biharamulo atawaambia watafute mtu mwingine.

Zilibaki asubuhi zangu. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuzilipa Jumamosi, nikaendelea likizo yote na msimu wa pili wa maharage. Kila nyumba moja, na sikutuma kibarua, ingawa wenzangu ofisini walinishauri. Fundi baiskeli alinirudisha kwenye tuta moja mara mbili. "Hapa umepapasa, mwalimu, hukulima," alisema, nami nilirudia, kwa sababu alikuwa sahihi. Hakuna mwalimu mwingine ninayemjua aliyelima mashamba ya darasa zima, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini.

Mama wa yule msichana nilimwacha mwisho, kwa sababu alinikopesha nyingi. Nilimlimia asubuhi kumi na nne. Hakunipunguzia hata moja, na mimi sikuomba. Siku ya mwisho tulianza kukiwa na umande, yeye mstari wake, mimi wangu, migomba ikitukinga upepo. Tulipokaribia mpaka wa shamba nilimwambia lile ambalo mwalimu wa darasa la tano alikuwa ameniambia wiki ile: mtoto bado anasoma polepole, maneno marefu yanamkwamisha, na ikiwa hataendelea kusukumwa atabaki nyuma.

"Najua," alisema, bila kuinua mgongo. "Tangu Jumapili. Nimeyaona macho yake."

Tulimaliza mistari yetu. Alihesabu kwa vidole, asubuhi moja moja, mpaka ya kumi na nne, akaitikia kwa kichwa kwamba zimetimia. Nilikwangua udongo kwenye jembe lake nikamrudishia. Katika kata ile hapakuwa tena na mtu anayenidai.