Mabakuli ya Darasa la Tatu

Watoto walimwita Mama Gundi, na jina lilimganda kwelikweli, maana mwalimu yule hakuwahi kurudi nyumbani bila unga uliokaukia chini ya kucha. Alikuwa amefundisha kazi za mikono miaka ishirini na sita, sasa watoto sitini na wawili kwa mikasi saba, na aliyemuuliza anawezaje alimjibu, "Siwezi. Naenda tu."

Muhula ule darasa la tatu walitengeneza mabakuli ya karatasi. Alfajiri mwalimu alikoroga unga na maji jikoni kwake mpaka vikawa gundi nzito, akaibeba kwa ndoo. Watoto walichana magazeti, wakayachovya, wakayabandika juu ya vibakuli vya plastiki walivyopaka mafuta ili karatasi isinase. Tabaka moja leo, jingine kesho. Yalipokauka wakayabandua, wakayapaka rangi. Yalitoka kama watoto wenyewe: haya yamebonyea, yale yamepinda midomo, na moja lina tundu ambalo mwenyewe alisema ni dirisha.

Jumatano mwalimu mkuu, mtu mpole ila wageni humtia homa, akaja kuchungulia kwenye rafu.

"Mwalimu, Ijumaa tuna wageni wa kamati. Ndiyo haya?"

"Ndiyo haya."

"Mbona yamekwenda mrama?"

"Yametengenezwa na watoto wa miaka minane."

"Mimi najua. Wageni je? Yapitishie mkono kidogo tu."

Siku nyingine angebisha. Siku ile miguu ilikuwa imemvimba, akaona kubisha nako ni kazi juu ya kazi. Akayapakia kwenye maboksi, akaenda nayo nyumbani.

Yeye na dada yake mkubwa, fundi cherehani, walikuwa wakiishi pamoja tangu wote wawili wafiwe na waume zao. Alasiri ile na ya Alhamisi waliketi sebuleni, dada akinyoosha midomo ya mabakuli kwa mkasi wake, mwalimu akipaka nyeupe, kisha mistari ya buluu.

"Mkasi wangu wa vitambaa leo unanyoa magazeti," dada alisema. "Makubwa haya! Na hili lenye tundu?"

"Lizibe."

Dada akaliziba. Kisha akaliinua, akaligeuza. "Mdogo wangu, hapa cha watoto kimebaki nini?"

Mwalimu akachovya brashi tena.

Ijumaa wageni walisifu mpaka wakarudia. Mwalimu mkuu alicheka hadi jino la mwisho. Walipoondoka, mwalimu akawaambia watoto kila mmoja achukue bakuli lake. Siku zote neno hilo huzusha vita. Safari hii walisimama mbele ya rafu kama watu waliofika kwenye nyumba ambayo si yao. Msichana mmoja, mwenye pengo la meno ya mbele, aliyainua moja moja, akayachungulia chini na ndani.

"Mwalimu, langu halipo."

"Yapo yote. Tafuta vizuri."

"Langu lina dirisha."

"Haya ni ya dukani," mwenzake akanong'ona, nusu darasa wakasikia.

Mwalimu akaketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kifuani. Uongo ulikuwa karibu, tena mwepesi. Lakini hata uongo unataka nguvu.

"Nimeyaharibu mimi," alisema. "Niliyakata, nikayapaka upya, ili wageni wafurahi. Nisameheni."

 Watoto hawakuwahi kusikia mwalimu akiomba msamaha, hawakujua watazame wapi. Mwishowe yule msichana akauliza, "Tutatengeneza mengine?"

Mwalimu akafikiria unga, ndoo, magazeti, sakafu ya kusugua. Akatamani kulaza kichwa pale pale.

"Jumatatu," alisema.

"Jumatatu hii hii?"

"Hii hii."

Kabla ya kwenda nyumbani alipita ofisini. "Mwalimu mkuu, kazi ya mtoto siigusi tena. Akija mgeni, aone alichofanya mtoto."

Mwalimu mkuu alishusha pumzi. "Basi wageni tutawaonyesha hesabu."

Wala hakutania. Mwaka uliofuata kazi za mikono zilibakiziwa kipindi kimoja kwa wiki, cha mwisho kabisa siku ya Ijumaa, saa ambayo watoto wanasinzia na mwalimu hana sauti. Dada alimwambia akapiganie vipindi vyake. Alikwenda mara moja, akaambiwa atafikiriwa, akaishia hapo.

Hakujiona shujaa, wala hakupata nafuu. Alijisikia kama mtu aliyetua mzigo mmoja kati ya miwili. Ijumaa huingia na ndoo yake, anagawa magazeti, anaketi. Watoto wanachana karatasi bila kelele nyingi, kwa kuwa nao wamechoka. Mmoja akimletea kitu kilichopinda na kumuuliza kama kimekaa sawa, hukishika kwa mikono miwili, akakitazama pande zote.

"Wewe unakionaje?" humuuliza, kisha hungoja jibu.